Mlima Uliosogea na Nafasi Moja

Kaeni vizuri, na aliye karibu na mlango aufunge, maana hadithi hii ina baridi yake. Hadithi nyingine husimuliwa ili watu walale. Hii imemnyima mtu usingizi, na huyo mtu ni mwalimu wa chuo kikuu, Dakta Anande Mfinanga, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa kusahihisha mitihani. Msikilizeni kwa makini, kwa sababu mwishoni atawahitaji.

Chuo chenyewe kilikuwa milimani, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Dakta Anande alifundisha sayansi ya kompyuta, tena alikuwa mlezi wa klabu ya wanafunzi wa fani hiyo. Kila mwaka aliwapokea wapya kwa maneno yaleyale:

"Cheti peke yake hakitawafikisha mbali. Wenye vyeti ni wengi kuliko kazi. Ingieni klabuni, shindaneni, tafuteni fildi, yaani mafunzo kazini, mapema, tengenezeni kitu ambacho mtu mwingine anakihitaji."

Wengi waliitikia kwa vichwa, wakarudi kwenye simu zao. Watatu walimsikia kwa masikio yote mawili.

Wa kwanza alikuwa Nyamizi, binti wa Tabora, na kipaji chake kilikuwa jicho. Ungempa kurasa mia za namba, akazipitia kimya akitafuna kifuniko cha kalamu, kisha akakuonyesha namba moja tu: "Hii inadanganya." Na kweli ilikuwa inadanganya.

Wa pili alikuwa Ombeni, mtoto wa fundi redio wa Same, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kitu kilichokufa kikipita mikononi mwake kiliamka. Bwenini walimletea pasi, majiko ya umeme, simu zilizotumbukia chooni, hakumrudisha mtu.

Wa tatu aliitwa Sikudhani, wa Pangani, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Programu alizoandika hazikuwa mbaya wala hazikuwa za kusifiwa. Lakini mkalishe na bibi asiyejua kusoma, umwache naye robo saa, ukirudi utamkuta bibi ndiye anayemweleza Sikudhani jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

Walipokuwa mwaka wa tatu, watatu hawa waliingia mashindano ya ubunifu ya wanafunzi. Juu ya kitongoji kimoja kiitwacho Kwemshihi, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka chuoni, kulikuwa na mlima Ghambo, na mlima huo ulikuwa na ufa ulioachwa na mvua za mwaka uliopita. Wakachomeka vijiti tisa vya chuma mgongoni mwake. Kila kijiti kilikuwa na kihisi cha kupima kama ardhi imesogea. Namba zilikusanywa na kisanduku kimoja kilichofungwa juu ya mti, nacho kikazituma chuoni kwa laini ya simu. Ombeni alivitengeneza, Nyamizi akaandika programu ya kuzisoma namba, Sikudhani akawaomba wenyeji ruhusa.

Wakashika nafasi ya pili. Wakapewa vyeti, wakapigwa picha, wakarudi. Timu nyingine zilipomaliza mashindano zilifungasha vifaa vyao. Hawa waliviacha mlimani, kwa sababu Sikudhani alisema, "Watu wa kule wametuamini. Tuking'oa, tutakuwa tumewatumia tu."

Halafu ikaja masika.

Kwemshihi ilianza na milango. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole sasa ulitaka bega, na mwingine haukufungika kabisa. Chemchemi iliyokuwa safi ikatoa maji mekundu kama yaliyooshewa matofali. Nyuki wakaiacha mizinga yenye asali, wakaenda zao mchana kweupe. Watu walicheka, wakasema mlima unajinyoosha kwa sababu ya mvua. Walicheka, lakini mbuzi waligoma kuingia zizini, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Jumatatu moja Nyamizi aliingia ofisini kwa Dakta Anande. Meza ilikuwa imejaa karatasi za mtihani.

"Shikamoo Dakta. Kijiti cha nne kimesogea."

"Marahaba. Kiasi gani?"

"Upana wa kidole, tangu Jumamosi."

"Na vingine?"

"Vitano vimenyamaza. Vitatu vinasema havijasogea."

Dakta Anande alivua miwani, akajisugua macho. Alikuwa amechoka. "Kijiti kimoja kati ya tisa, na kisanduku pengine kimelowa. Hiyo ni hitilafu, Nyamizi. Alhamisi una usaili wa kazi, ule wa simu, sivyo? Watu wenye kazi mkononi kabla ya kuhitimu ni wa kuhesabika hapa. Nenda kajiandae."

Nyamizi akasema, "Sawa, Dakta," akatoka.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumzika. Nyamizi alikuwa chumba cha kompyuta, amevaa koti la kuazima ingawa usaili ulikuwa wa simu, kwa sababu alisema koti linanyoosha sauti. Akafungua namba za mlima mara moja tu, ili roho itulie. Kijiti cha nne kilikuwa kimeondoka upana wa kiganja. Cha tano na cha saba navyo vimeanza. Kisha namba zote zikawa kama za mlevi: mbele, nyuma, mbele, sifuri.

Akampigia Ombeni, Ombeni akamchukua Sikudhani, wakapanda bodaboda mbili kwenye matope. Nyamizi alibaki peke yake mbele ya skrini, akitenganisha namba za kweli na za kisanduku kinachokufa, moja moja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Saa nne kamili simu yake ikaita. Ni wale wa usaili. Laini ileile ndiyo aliyotakiwa Ombeni kuipigia kutoka mlimani. Akakata. Ikaita tena. Akakata tena. Ya tatu haikuja, na haikuja kamwe. Dakta Anande, aliyepita mlangoni na kumwona akikata simu iliyokuwa na maisha yake ndani, ndipo alipoingia, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Wakati huo Ombeni alikuwa anapanda Ghambo kwa mikono na magoti. Aliukuta ule ufa wa zamani: mwaka uliopita mtu aliuvuka kwa hatua ndogo, sasa aliingiza mkono mpaka begani na hakugusa chini. Vijiti vilikuwa vimelala upande mmoja. Juu ya mti, kisanduku kilikuwa kimejaa maji na mlingoti wa antena umevunjika. Akakishusha, akakifungua chini ya shati lake, akakikausha, akaunganisha nyaya kwa meno. Vijiti vyote tisa vikaamka. Akapiga simu.

"Vinasoma?"

"Vinasoma," Nyamizi alisema. "Ombeni, mlima unatembea. Lakini sijui kwa kasi gani. Nahitaji dakika ishirini za namba safi."

"Antena haina pa kusimama."

"Ishike."

Akaishika. Dakika ishirini, mkono wa kulia juu ya kichwa, amejiegemeza kwenye mti juu ya ardhi iliyokuwa ikinguruma chini ya miguu yake. Dakika ya kumi na nane jiwe la ukubwa wa debe likang'oka juu yake. Aliliona, angeweza kuruka. Lakini angeruka na antena. Jiwe likaubana mkono wake kwenye shina la mti. Namba za dakika mbili za mwisho zilifika chuoni safi kabisa, na nyuma yake sauti kwenye simu ambayo Dakta Anande hataki kuikumbuka.

Nyamizi akapiga hesabu, akairudia. "Kabla ya saa tisa mchana," akasema. Ilikuwa saa tano na nusu.

Dakta Anande alipiga simu wilayani. Waliamini, wakaanza safari, lakini barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, wangefika jioni. Huko Kwemshihi alikuwapo Sikudhani tu, na ulimi wake.

Kwanza aliwaambia ukweli. Alisimama mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kaniki, maji yakimtiririka usoni, akaeleza vijiti, namba, ufa. Walimsikiliza kwa heshima.

"Mwanangu," Mzee Kaniki akasema, "mwaka juzi walikuja wakatuambia tuhame. Tukahama. Mlima haukuanguka, ila mahindi yetu tuliyakuta yamevunwa. Nani atalinda leo?"

"Mzee, mlima unakuja. Leo. Mchana huu."

"Umekuwa ukija tangu enzi za babu yangu."

Akazunguka mlango hadi mlango mpaka saa sita na nusu. Waliotoka walikuwa kaya mbili. Ndipo Ombeni alipotelemka njiani, amejifunga mkono kwa shati lililokuwa jeupe asubuhi, akamwambia kwa sauti ndogo, "Siku, nimeuona. Ni kweli. Fanya lolote."

Sikudhani akafanya. Akarudi kwa mwenyekiti anatweta, uso umechangamka. "Jamani! Nimepigiwa simu sasa hivi. Maofisa wa mbolea ya ruzuku wako shule ya msingi, ng'ambo ya mto. Wanaandikisha leo tu, mwisho saa nane. Kila mtu wa kaya aonekane kwa macho, wazee, wagonjwa, watoto wa mgongoni. Asiyeonekana hahesabiwi!"

"Na vitambulisho?" mwanamke mmoja akauliza.

Sikudhani akasita, pumzi moja tu. "Navyo," akasema, kwa sababu uongo usio na karatasi hauaminiki.

Kwemshihi yote ikainuka. Watu mia moja na arobaini na watatu walianza kuvuka daraja, wengine wamebeba wagonjwa kwenye machela. Ilikuwa imekaribia saa nane Mzee Shemweta alipojipapasa mfukoni akiwa katikati ya daraja. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye boriti ya paa. Akageuka.

"Mzee, rudi!" Sikudhani akapiga kelele. "Hakuna mbolea! Nimewadanganya! Ni mlima!"

Yule mzee akampungia mkono, anacheka, kama mtu anayemjibu mtoto mwenye utani. Akaendelea kupanda.

Wenyeji wanasema haukulia kama radi. Ulivuta pumzi. Dakta Anande hakuusikia wala hakuuona. Aliuona kwenye skrini tu. Saa nane na robo mstari wa kijiti cha nne ukakatika. Kisha wa tano. Kisha wa saba. Kisha yote tisa ikawa kimya, na Nyamizi akaendelea kuitazama skrini kana kwamba kuna mwingine ambao ungezungumza.

Kwemshihi haipo tena. Watu mia moja na arobaini na wawili wapo.

Mazishini, kulikozikwa vazi kwa sababu mwili haukupatikana, mke wa Mzee Shemweta, Bibi Mwanaidi, alimshika Sikudhani mkono mbele ya watu wote. Wengi walidhani atamlaani. "Ungeniambia ukweli," akasema, "mimi na wajukuu zangu tungekaa ndani. Umeniambia uongo, nimezika mume. Sijui nikupe nini, mwanangu. Shukrani au kisogo." Akaushika mkono ule muda mrefu, kisha akauachia bila kumpa chochote.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Kampuni kubwa ya programu za kompyuta, ambayo wanafunzi wa chuo kile walikuwa wakiiota usingizini, ilikuwa imesikia habari za Kwemshihi. Ilitoa nafasi: mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, nyumba, na baada yake kazi. Nafasi iende kwa mwanafunzi mmoja "aliyechangia kuliko wote kuokoa maisha ya watu wale." Mlezi wa klabu alete jina.

Dakta Anande aliandika kuwaomba nafasi tatu. Wakamjibu siku hiyohiyo, kwa adabu: nafasi ni moja, na jina lisipofika Ijumaa saa kumi jioni, itakwenda chuo kingine.

Akawaita wote watatu ofisini, akawasomea barua, akauliza kama yupo anayetaka kusema neno. Alitarajia kila mmoja amtaje mwenzake, kama watu walivyofundishwa. Haikuwa hivyo.

Ombeni alikuwa wa kwanza. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye bandeji. Vidole viwili havikuwamo tena. "Usinipe kwa huruma, Dakta. Huruma siitaki. Ila bila mimi zile zilikuwa namba za mlevi, na asingejua mtu kama ni mlima au ni maji kwenye kisanduku. Na fundi asiye na vidole ataajiriwa na nani? Mlango wangu mwingine uko wapi?"

Sikudhani akaangalia sakafu, kisha akainua uso. "Najua mnangoja nijitoe. Kwa ajili ya Mzee Shemweta. Sijitoi. Wenzangu walijua mlima unaanguka. Kujua hakukumtoa hata mtoto mmoja ndani. Mimi ndiye niliyewatoa. Na mimi ndiye ninayemwona yule mzee kila nikifumba macho, akinipungia mkono. Wao wanalala."

"Nani amekuambia tunalala?" Ombeni akasema.

Dakta Anande akamgeukia Nyamizi. "Na wewe, mwanangu?"

"Mimi niliachia kazi niliyokuwa karibu kuipata," akasema polepole. "Na nilimwambia Ombeni ashike antena. Nikikaa kimya nasikia ile sauti. Lakini, Dakta, Jumatatu nilikuja. Nilikuambia kijiti cha nne kimesogea. Kama tungeanza Jumatatu, Ombeni angekuwa na vidole vyake, na Siku asingehitaji kudanganya mtu."

Hakuna aliyemtazama mwalimu. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi: kwamba kwa heshima walikwepesha macho.

Tangu hapo Dakta Anande hakuweza kuamini mizani yake mwenyewe. Akiandika Nyamizi, je, ni kwa sababu ya jicho la Nyamizi, au analipia ile "hitilafu" yake ya Jumatatu? Akiandika Ombeni, je, anatuza kazi au anatuza jeraha? Akiandika Sikudhani, atamwambia nini Bibi Mwanaidi? Na asipomwandika, atawaambia nini wale mia moja na arobaini na wawili?

Na kuna jambo jingine, ambalo kampuni hailijui. Ghambo haukuanguka wote. Ubavu wa mashariki bado umesimama, umeinamia kitongoji cha pili chenye kaya nyingi kuliko Kwemshihi. Wale watatu wamekwisha kurudi huko, wamechomeka vijiti vipya sita. Ombeni ameviunga kwa mkono wa kushoto. Juzi, kijiti cha pili kimesogea upana wa ukucha. Wilaya imeahidi kuwahamisha watu mvua zikipungua, na mvua hazijapungua. Atakayepewa nafasi anatakiwa kuondoka Jumatatu, na ataondoka na kipaji chake: jicho, au mikono, au ulimi. Wenzake wawili watabaki na mlima. Kwa hiyo anayechagua wa kumtuza anachagua pia kitu ambacho kitongoji kile kitakikosa siku mlima utakapovuta pumzi tena.

Sasa ni Ijumaa. Ni saa kumi kasoro dakika tano. Mvua inanyesha. Dakta Anande amekaa mbele ya kompyuta, kwenye fomu yenye nafasi ya jina moja, ameandika jina, amelifuta, ameandika jingine, amelifuta. Nje, kwenye benchi la korido, wamekaa watatu, hawasemezani, wanamsikia kila anapobonyeza vitufe.

Ninyi mmewasikia wote, na hakuna kati yenu anayebeba deni la Jumatatu. Mchukulieni nafasi yake, mkae kwenye kile kiti. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, ukasimama, ukafungua mlango, wale wawili wengine ungewaambia nini?